Maji Yaliyomo Ndani ya Chumvi: Stoo ya Dawa Nayo ni Sehemu ya Tiba

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyejitwisha mzigo Bagamoyo karne moja na nusu iliyopita aliijua njia yake kwa majira. Alisafiri kiangazi, mito ikipitika na ardhi ikiwa ngumu. Mvua zilipokaribia alitaka awe amekwisha kurudi kwao kulima. Mzigo wake ulianza safari katika hewa nzito ya bahari, ukapanda hadi Unyanyembe, mahali tunapopaita Tabora leo, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko, kati ya Juni na Septemba, mvua ni nadra na upepo hupasua midomo. Novemba mvua zilifunguka, na kilichokauka miezi mingi kikaanza tena kunywa unyevu hadi Aprili.

Dawa zetu leo hufuata mwelekeo uleule. Nyingi hushuka bandarini Dar es Salaam, zikasafirishwa bara kwa barabara au kwa reli, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912, kisha zikagawanywa katika hospitali, vituo vya afya na zahanati. Kichwa cha mpagazi kimepokewa na lori, lakini hewa ya pwani bado ni ya pwani, na kiangazi cha Unyamwezi hakijabadilika tabia.

Ukutani mwa stoo nyingi za dawa utakuta kipimajoto, na chini yake karatasi ya kuandikia joto la asubuhi na la jioni. Haigromita, yaani kipimo cha unyevu wa hewa, huikuti mara kwa mara. Tumekwisha kusadiki kwamba joto huharibu dawa. Bado hatujasadiki kwa kiasi hichohicho kwamba maji nayo, yakiingia au yakitoka, huibadili dawa bila kuacha alama ambayo jicho la haraka laweza kuiona. Maoni yangu ni kwamba unyevu upimwe na kuandikwa kila siku kama joto, na kwamba mgonjwa anayebeba dawa kwenda nayo nyumbani aelezwe sababu. Ili hoja hii ieleweke, yafaa kwanza tuyatazame maji yenyewe yanavyokaa ndani ya kitu kinachoonekana kikavu.

Asali iliyoganda

Muuza asali wa Tabora huikuta kesi hii kila mwaka. Asali aliyoiuza ikiwa maji hurudishwa ikiwa imeganda chembechembe, na mnunuzi ana hakika kwamba ametiliwa sukari. Mara nyingi muuzaji hana kosa. Glukosi iliyomo katika asali imejitenga na kimiminika na kujipanga kuwa fuwele, na kila molekuli ya glukosi imejitwalia molekuli moja ya maji ikakaa nayo. Ukiupasha chupa joto la upole, mpangilio huvunjika na asali hurudi kutiririka. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Kilichobadilika ni namna vitu vilevile vilivyojipanga.

Asali si madini, lakini madini na chumvi nyingi hufanya vivyo hivyo, tena kwa kiasi kikubwa zaidi. Chukua chumvi ya haluli ambayo wazee wetu waliinywa kusafisha tumbo. Jina lake la kitaalamu ni magnesiamu salfeti, na katika fuwele zake za kawaida kila molekuli moja ya chumvi hukaa na molekuli saba za maji. Ukiishika mkononi ni kavu kabisa, haikulowanishi. Hata hivyo zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Anayepima gramu 100 za chumvi hiyo amepima gramu 51 za maji na gramu 49 tu za chumvi yenyewe.

Safu ya msafara na kambi ya jioni

Fuwele ni mpangilio. Fikiria msafara ukiwa njiani: kirangozi mbele, wapagazi nyuma yake mmoja mmoja, kila mtu na nafasi yake. Ukijua alipo wa kumi, waweza kukisia alipo wa mia. Sasa fikiria msafara huohuo jioni, umekwisha kutua. Watu ni walewale na mizigo ni ileile, lakini mmoja yuko motoni, mwingine kaenda kuteka maji, mwingine kalala. Safu hakuna. Hali hiyo ya pili ndiyo wanakemia wanayoiita amofasi: kitu kigumu ambacho chembe zake hazina mpangilio unaojirudia.

Katika fuwele zenye maji, maji ni miongoni mwa nguzo zinazoishikilia safu. Yakiondoka polepole, chembe hupata muda wa kusogea na kujipanga upya katika safu nyingine. Ndivyo inavyokuwa chumvi ya haluli ikiachwa wazi. Katika nyuzi 25 za sentigredi, hewa yenye unyevu ulio chini ya nusu hivi ya ule inaoweza kuubeba hutosha kuinyang'anya molekuli moja kati ya zile saba. Fuwele zilizokuwa angavu hugeuka nyeupe na ungaunga. Mchana wa kiangazi wa Tabora ni mkavu kuliko hapo, kwa hiyo badiliko hili halihitaji maabara. Mkebe ulioachwa bila kifuniko unatosha.

Maji yakinyang'anywa kwa ghafla, kama katika ombwe au katika ukavu wa kupindukia, safu huvunjika na chumvi hubaki amofasi. Unyevu ukirejea, chumvi hiyohiyo huyanywa maji na kujipanga tena kuwa fuwele. Wanasayansi wanaochunguza sayari ya Mirihi wamelifuatilia sana jambo hili, kwa kuwa salfeti za magnesiamu zimeonekana huko, na huenda sehemu ya maji ya sayari ile kavu imejificha ndani ya chumvi za namna hii. Kwetu sisi somo liko karibu zaidi: kiasi cha maji ndani ya chumvi si cha kudumu. Chumvi hupatana na hewa inayoizunguka, na hewa ikibadilika, mapatano nayo hubadilika.

Uzito mmoja, dozi mbili

Hapa ndipo kemia inapoingia wodini. Kwinini salfeti iliyobebwa na misafara ya karne ya 19 kuja Unyanyembe ilikuwa, ikiwa bado mpya, fuwele ambazo takriban asilimia 15 ya uzito wake ilikuwa maji. Katika hewa kavu fuwele hizo hupoteza sehemu kubwa ya maji hayo. Kwa hiyo kipimo kilekile cha mizani kilichochukuliwa katika chupa iliyokauka kilikuwa na kwinini nyingi kuliko kilichopimwa pwani, kwa zaidi ya sehemu 1 katika 10. Mizani haikudanganya. Ilipima uzito, na uzito haukuwa dawa peke yake.

Magnesiamu salfeti imepanda cheo tangu zama za haluli. Leo ndiyo dawa tunayoitegemea kuzuia na kutibu degedege za kifafa cha mimba. Utafiti mkubwa wa Magpie, uliochapishwa mwaka 2002 na kuwashirikisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Muuguzi anapoandaa gramu 4 za mwanzo za kuingiza mshipani, gramu hizo zinahesabiwa kwa ile chumvi yenye molekuli saba za maji. Kama mtu angezipima gramu 4 za magnesiamu salfeti iliyokaushwa kabisa, angekuwa ameandaa magnesiamu mara mbili ya iliyokusudiwa. Na kila mkunga anajua magnesiamu ikizidi hufanya nini: goti huacha kuitikia nyundo, kisha pumzi hupungua.

Mama mjamzito asitishike kwa maneno haya. Dawa anayochomwa hospitalini huja ikiwa imeyeyushwa tayari ndani ya kichupa kilichofungwa kiwandani, na kilichokwisha kuyeyushwa na kufungwa hakigombani tena na hewa ya stoo. Maneno haya yanamhusu zaidi anayeagiza, anayepokea na anayepima malighafi ya unga. Lebo inayotaja jina la chumvi bila kutaja maji yake ni lebo isiyokamilika, na mfamasia ana haki ya kuirudisha.

Shirika la Afya Duniani linalizingatia hilo. Katika fomula ya ORS inayotumika tangu mwaka 2002, pakiti ya lita moja ina glukosi gramu 13.5, na imeandikwa wazi kwamba ni glukosi isiyo na maji. Ina pia sodiamu sitreti gramu 2.9, na imeandikwa wazi kwamba ni ile yenye molekuli mbili za maji. Atakayetumia glukosi yenye maji yake atahitaji gramu 14.85 ili kumfikishia mtoto anayeharisha sukari ileile. Hata sitreti yenyewe imo humo kwa sababu ya hewa ya nchi kama zetu. Fomula ya awali ilitumia sodiamu baikaboneti, ambayo katika joto na unyevu ilishindana na glukosi, unga ukagandamana na kugeuka kahawia. Tangu mwaka 1984 sitreti ikapendekezwa mahali pake. Kwa maneno mengine, unyevu wa stoo uliwahi kuilazimisha dunia ibadili dawa.

Jasi inayowahi kuganda

Mfano ulio wazi kuliko yote ni bandeji ya plasta tunayofungia mfupa uliovunjika, ambayo wengi huiita hogo. Msingi wake ni jasi, madini ya kalsiamu salfeti yenye molekuli mbili za maji. Ikiokwa katika nyuzi kati ya 120 na 150 hivi, jasi hupoteza robo tatu ya maji yake na kuwa unga mweupe. Fundi wa mifupa akiichovya bandeji, unga ule huyarudisha maji uliyopoteza. Fuwele nyembamba kama sindano huota, zikapenyana na kushikana, na baada ya dakika chache mguu umo ndani ya jiwe jepesi. Kurudi kwa maji hutoa joto. Ndiyo maana mgonjwa husikia plasta ikipata moto. Fundi akitumia maji ya moto, au akiifunga plasta nene mno na kuifunika mto kabla haijapoa, ngozi yaweza kuungua.

Sasa tia stoo katika hesabu hii. Bandeji ambayo kifungashio chake kimepasuka mwezi Januari haingoji ndoo ya fundi. Huanza kunywa unyevu wa hewa, na sehemu ya unga huganda humohumo ndani ya gombo. Siku ya kutumika hutoka na madonge, haishiki sawasawa, na plasta yake hupasuka mapema. Mgonjwa hurudi baada ya siku chache akilaumiwa kwamba amekanyaga kabla ya wakati. Huenda kweli amekanyaga. Lakini kabla ya kumlaumu yafaa tuulize bandeji ile ililala wapi.

Mwili wenyewe, hapo chini ya plasta, unajua kazi hii kuliko sisi. Tafiti za karibuni katika samaki na panya zimeonyesha kwamba mfupa mpya huanza na kalsiamu fosfeti iliyo amofasi na yenye maji, ambayo baadaye hujipanga kuwa fuwele za mfupa. Hali ya amofasi, basi, si ugonjwa. Hatari iko katika badiliko linalokuja lisipotakiwa.

Chanjo isiyosamehe barafu

Nyakati nyingine tunaitaka hali isiyo na mpangilio, na kazi yetu ni kuilinda. Chanjo ya pepopunda, ile ya homa ya ini B, pentavalenti tunayowapa watoto na ile inayokinga saratani ya mlango wa kizazi huwa na chumvi za alumini zinazoamsha kinga ya mwili. Ndugu yake wa nyumbani ni shabu, ambayo vinyozi huitumia kusimamisha damu. Ndani ya chanjo, alumini fosfeti huwa amofasi, na alumini hidroksaidi huwa na fuwele hafifu sana. Zote ni chembe ndogo mno zilizolowa maji na kuelea, zikiwa zimeshikilia sehemu ya chanjo juu yake.

Chanjo hiyo ikiganda, maji hujitenga na kuwa barafu, na chembe za alumini husukumwa pamoja hadi zikashikana. Barafu ikiyeyuka, kichupa huweza kuonekana kama kilivyokuwa, lakini chembe haziachani tena. Asali iliyoganda hurudishwa kwa joto la upole. Chanjo hii hairudi. Ndiyo maana wahudumu hufundishwa jaribio la kutikisa: kichupa kinachoshukiwa hulinganishwa na kingine cha toleo lilelile kilichogandishwa makusudi, ili kuona kipi kinatuama haraka. Jokofu lipimwe lisishuke chini ya nyuzi 2, kama tunavyojali lisipande juu ya nyuzi 8.

Pingamizi na majibu

Wako watakaosema kwamba viwanda vimekwisha kutufanyia kazi hii: vidonge viko ndani ya foili, unga uko ndani ya pakiti, tusubiri nini tena? Nakubali kwamba kifungashio kizuri ni nusu ya ulinzi. Lakini kifungashio ni ahadi inayokwisha kinapofunguliwa. Kopo la vidonge 1,000 hufunguliwa na kufungwa mamia ya mara kabla halijaisha, na vidonge vinavyohamishiwa bahasha ya karatasi huanza siku hiyohiyo kupatana na hewa ya nyumba ya mgonjwa.

Wengine watasema vituo vyetu vina upungufu wa mambo makubwa kuliko haigromita. Ni kweli. Hata hivyo kifaa hiki ni kidogo na cha bei nafuu ukilinganisha na thamani ya dawa zinazolala chini yake, na kukisoma hakuhitaji zaidi ya dakika ile ile tunayoitumia kusoma joto. Ubishi wangu hasa uko katika fikra. Tunaiona stoo kama chumba cha nyuma, na tiba kama jambo linaloanza mgonjwa anapoketi mbele ya daktari. Dawa iliyobadilika stooni haitibiwi na utaalamu wa chumba cha mbele.

Kwa mhudumu, mambo yenyewe si magumu. Miongozo ya utunzaji hutaja unyevu wa takriban asilimia 60 kuwa wa kutupia macho. Usomaji ukipanda, madirisha yafungwe wakati wa mvua na kufunguliwa hewa inapokauka. Maboksi yainuliwe juu ya mbao na kutengwa na ukuta. Makopo yasiachwe wazi wakati wa kuhesabu. Kiangazi, vifuniko vikazwe pia, maana ukavu nao huiba. Bandeji za plasta zitumike kwa kutangulia za zamani, na kifungashio kilichotoboka kisirudishwe rafuni. Vile vipakiti vidogo vya punje vinavyokuja ndani ya makopo visitupwe. Punje hizo ni silika, nayo ni amofasi kwa makusudi: imejaa vitundu visivyo na mpangilio ambavyo hunywa unyevu kabla haujaifikia dawa.

Kwa mgonjwa na aliye nyumbani, naomba machache. Dawa usiihamishe kutoka chombo ulichopewa nacho. Usiiweke juu ya jiko wala bafuni, wala usivichanganye vidonge vya aina mbili katika kichupa kimoja. Kipakiti cha punje kiache ndani ya kopo, na usikile. Pakiti ya ORS ikorogwe yote kwa mara moja katika lita moja ya maji safi na salama, na kinywaji kilichobaki kimwagwe baada ya saa 24. Kuigawa pakiti ni kuigawa dozi usiyoweza kuiona, na nusu inayobaki huanza kunywa unyevu. Ukiikuta imegandamana, imelowa au imebadilika rangi, irudishe kituoni upewe nyingine, na usione haya kuuliza kwa nini.

Adriano Atiman, aliyesomea utabibu Malta, alifika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889, miaka mingi kabla ya reli, akawatibu watu wa magharibi hadi alipofariki mwaka 1956. Katika zama kama zile chupa iliyoharibika haikuwa na mbadala wa karibu; mbadala wake ulikuwa pwani, mwendo wa miezi. Leo mbadala uko mwendo wa siku, na huenda wepesi huo ndio uliotufanya tuache kukihofia kifuniko kilicholegea. Lakini mama aliyefika usiku na kifafa cha mimba, au mtoto aliyeharisha tangu asubuhi, hana siku ya kungoja. Kwake yeye dawa ni ile iliyopo rafuni saa ile, katika hali iliyomo saa ile.